Cheni, Msumari na Kujitegemea

Mwaka jana nilikaa siku tatu katika makao makuu ya wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, nikipekua majalada ya zamani ya vyama vya ushirika. Kila mchana nilipotoka kunyoosha mgongo nilipita nyuma ya ghala la ofisi hiyo, na kila nilipopita niliziona baiskeli zilezile kumi na nne zimeegemezwa ukutani. Zilikuwa zimeletwa na mradi mmoja kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini. Fremu zilikuwa nzima, rangi haijachubuka sana, matairi bado yana unene wake. Cheni ndizo zilizokuwa zimekufa: nyingine zimekatika, nyingine zimeganda kwa kutu, nyingine zimelegea hata zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Siku ya tatu nilimwuliza mtunza ghala. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, tulishaandika barua. Tunasubiri kibali cha kununua vipuri." Barua hiyo ilikuwa na umri wa miezi saba. Nje ya lango, hatua zisizofika mia, chini ya mwarobaini, alikaa fundi baiskeli na sanduku lake la mbao. Nilimwuliza kubadilisha cheni moja humchukua muda gani. "Nikiwa na cheni mkononi, mzee wangu, hata nusu saa haifiki. Lakini zile za mle ndani ni za serikali. Nikizigusa nitaulizwa."

Sikupata kuonana na wahudumu waliopaswa kuziendesha. Hata hivyo naijua wilaya ile. Nimezaliwa jirani nayo. Viko vitongoji ambavyo kutoka zahanati ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kwa miezi saba mwendo huo ulitembewa, au haukutembewa kabisa, kwa sababu ya kitu ambacho baba yangu alikirekebisha uani kwa msumari na jiwe.

Makala haya ni jaribio la kueleza tulifikaje hapo. Ni historia ya kitu kidogo, cheni ya baiskeli, ila ndani yake imo historia ya neno kubwa tulilolipenda sana katika nchi hii: kujitegemea.

Kitu kilichoundwa ili kifunguliwe

Baiskeli zilizovuma Ulaya katika miaka ya 1870 hazikuwa na cheni. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe, hivyo mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka kwenda kasi alilazimika kuwa na gurudumu kubwa, naye akakaa juu kama mtu aliyepanda ngamia. Akianguka, anaanguka kutoka mbali. Cheni iliondoa shida hiyo. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu karibu mara mbili na nusu. Gurudumu likaweza kuwa dogo, na mpanda baiskeli akarudi karibu na ardhi.

Chimbuko la cheni hiyo linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1864 James Slater wa Salford, jirani na Manchester, alisajili hataza ya cheni yenye rola. Karakana yake iliunda cheni za mitambo ya viwanda vya nguo. Mwaka 1879 ilinunuliwa na mhandisi kijana kutoka Uswisi, Hans Renold, na mwaka uliofuata Renold akasajili cheni iliyoongezwa bushi. Katika cheni za awali uzito wote uliangukia kingo nyembamba za mabamba, zikaila pini upesi. Bushi, yaani kibomba kifupi kinachoizunguka pini, iliutawanya uzito huo katika upana mzima wa pini. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na cheni inayoendesha gurudumu la nyuma. Baiskeli tunayoijua leo ilizaliwa hapo.

Cheni ya namna hii ina sifa mbili ambazo ndizo msingi wa hoja yangu. Ya kwanza, inaweza kufunguliwa. Kila pingili imeshikwa na pini, na pini iliyopigwa ikaingia inaweza kupigwa ikatoka. Ya pili, vipimo vyake vilikuja kuwa vya wote. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nafasi kutoka pini hadi pini kwenye baiskeli za kawaida ilitulia kwenye nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ikitoka Nottingham, Ludhiana au Shanghai, ni nusu inchi. Hakuna kampuni iliyoweza kumwambia mkulima wa Maswa kwamba cheni yake lazima itoke kwao peke yao.

Pamba iliyonunua baiskeli

Kwetu baiskeli ilianza kuonekana kwa wamisionari na maofisa wa kikoloni, kisha ikashuka kwa walimu, makarani na makatekista, hatimaye kwa wakulima. Kilichoishusha ni mazao ya biashara: kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba, pamba ya Usukumani. Cheni iliyoanzia kwenye mitambo ya nguo ya Lancashire ikarudi kwa mkulima wa pamba, naye akailipia kwa pamba. Ushirika ulipokua, na hasa baada ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria kuundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, mkulima alianza kupata sauti juu ya bei ya jasho lake. Kwa wengi alama ya sauti hiyo ilikuwa baiskeli mlangoni. Ndiyo iliyobeba magunia, wagonjwa na maharusi. Baadaye ikawabeba wanaharakati wa TANU kutoka kijiji hadi kijiji.

Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Alikuwa na Phoenix nyeusi ya Kichina. Katika kumbukumbu za kijiji chetu Phoenix zilizagaa miaka ile ya ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, wakati bidhaa za China zilipouzwa nchini ili fedha zake zigharimie matumizi ya ndani ya ujenzi. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika. Baba alirudi shambani akiwa na vitu viwili vya ukarani wake: kalamu ya wino na Phoenix.

Kisha ikaja miaka ambayo waliokuwa watu wazima wakati ule hawaisemi bila kutikisa kichwa. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaanza mwaka 1978, fedha za kigeni zikakauka. Sabuni ilikuwa habari njema. Cheni ya baiskeli, kama ipo, ilikaa chini ya kaunta ikimsubiri mtu anayejulikana. Mwaka 1983 kulipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata ile ya chini ya kaunta ikatoweka.

Kopo la baba

Baba alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vitu ambavyo mama aliviita takataka: msumari mnene uliosuguliwa ncha mpaka ukawa bapa, nati kubwa moja, klipu mbili, pingili chache za cheni zilizokufa, na kitambaa chenye harufu ya mafuta ya taa. Hiyo ndiyo iliyokuwa karakana yetu. Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu maarifa haya nayo ni sehemu ya historia, na ni haki ya anayesoma kuyapata.

Kwanza alipima. Watu husema cheni imevutika, kana kwamba chuma kimerefuka kama mpira. Chuma hakijavutika. Kinacholika ni pini na bushi mahali zinaposuguana, na ule upungufu mdogo wa kila kiungo ukijumlishwa ndio urefu tunaouona. Inchi 12 za rula zinabeba nafasi 24 kamili za cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni ikizidi hapo kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu, wakati wake wa kubadilishwa umefika. Ikizidi kwa moja ya nane, yaani milimita tatu, imeshayala na meno ya sproketi. Asiye na rula aivute cheni kutoka sehemu ya mbele kabisa ya sproketi kubwa; ikiinuka hata jino likaonekana wazi chini yake, jibu ni lilelile.

Pili alifungua. Cheni ya baiskeli ya kawaida ina kiungo kimoja chenye klipu mfano wa samaki. Husukumwa kwa koleo kutoka kwenye mkia uliogawanyika kuelekea kichwani, ikatoka kwenye vijito vya pini. Wakati wa kuirudisha, kichwa cha samaki hutazama upande cheni inakokwenda, ili kitu chochote kikiigusa njiani kisiichomoe. Sheria hiyo inahusu pia pikipiki zinazotumia klipu. Cheni iliyoandikwa 428, ya bodaboda nyingi, ina nafasi ileile ya nusu inchi kutoka pini hadi pini, ingawa ni pana zaidi na haiingiliani na ya baiskeli.

Tatu, pasipo na klipu, msumari ulifanya kazi. Pingili ililazwa juu ya nati ili pini ipate tundu la kutokea, msumari ukawekwa juu ya kichwa cha pini, ukapigwa polepole. Siri ilikuwa kuacha kabla pini haijatoka kabisa. Ncha yake ilibaki imeng'ang'ania bamba la nje, kwa kuwa pini iliyoanguka yote humtoa mtu jasho kuirudisha. Baada ya kuunganisha, pingili hukaza. Baba aliikunja cheni kwa ubavu, kushoto na kulia, mpaka ikalegea. Leo kipo kifaa cha skrubu cha kusukumia pini kinachofanya kazi hiyo bila nyundo, na kinaingia mfukoni.

Nne alihesabu. Cheni mpya hailinganishwi na ya zamani kwa urefu, kwa sababu ya zamani imeshaongezeka. Huhesabiwa pingili kwa pingili. Nayo hupunguzwa kwa jozi, moja nyembamba na moja pana, kwani nyembamba huungana na pana tu.

Mwisho alikaza na kupaka. Gurudumu la nyuma lilivutwa mpaka cheni ikawa na mchezo wa kama sentimita moja katikati. Pedali ilizungushwa taratibu ili kuona kama cheni inakaza mahali fulani, maana sproketi nyingi si duara kamili. Cheni ilioshwa kwa mafuta ya taa, ikaachwa ikauke, ikatiwa tone moja la mafuta kwenye kila rola, kisha ikafutwa kwa nje. "Mafuta ya nje ni chakula cha vumbi," alisema. Aliyetaka cheni ing'ae kwa mafuta alikuwa anatengeneza msasa.

Kulazimika na kujitegemea

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa zama zile, nikiwemo mimi, hatupendi kulisikia. Kopo lile halikuwa kujitegemea. Lilikuwa kulazimika. Baba aliunganisha mabaki ya cheni mbili kwa kuwa cheni nzima haikupatikana, na cheni ya kuunga ilimkatikia njiani zaidi ya mara moja akiwa na gunia nyuma. Msumari uliosuguliwa ni werevu, lakini ni werevu wa mtu aliyenyimwa kifaa. Tusiugeuze umaskini kuwa hekima kwa sababu tu umetufundisha kitu.

Hata hivyo, ndani ya kulazimika kule kulikuwa na maarifa, na swali la kisiasa ni hili: dola ilifanya nini na maarifa hayo? Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata ikatoka Elimu ya Kujitegemea. SIDO, shirika la viwanda vidogo, liliundwa mwaka 1973. Kwenye karatasi, baba na kopo lake walikuwa ndio walengwa hasa. Shuleni kwetu tulilima pamba ya shule, tukapalilia, tukavuna, tukabeba. Kwa miaka saba hakuna aliyenifundisha kupima cheni kwa rula, ingawa rula ilikuwa mkononi na baiskeli ya mwalimu ilisimama chini ya dirisha la darasa. Kujitegemea kulitafsiriwa kuwa jembe. Kazi ya kuelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi ilibaki nje ya uzio, kwa fundi, ambaye tulifundishwa kimyakimya kwamba ni mtu aliyeshindwa mtihani.

Nilivuna matunda ya elimu hiyo nikiwa mhadhiri msaidizi. Nilinunua baiskeli iliyotumika, nikaona cheni imechakaa, nikaivisha mpya kwa mkono wangu, nikajisifu. Kila nilipofika mlimani cheni iliruka na goti likagonga usukani. Nilimpelekea fundi aliyekuwa karibu na chuo. Alitazama mara moja tu. "Mwalimu, meno yameshaliwa. Yamekuwa kama ndoana. Cheni mpya kwenye meno ya zamani haikai." Nilikuwa na shahada mbili na sikulijua hilo, na wala baba hakuwahi kunionyesha, kwani enzi zake sproketi mpya haikuwa jambo la kufikiria.

Maneno ya fundi yule nimeyakumbuka mara nyingi ninapofundisha historia ya mageuzi yetu. Mwaka 1986 tulitia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikarudi madukani, cheni zikawemo, na lilikuwa jambo jema. Sitaki mwanafunzi wangu yeyote atamani foleni. Lakini tuliivisha cheni mpya kwenye meno yaleyale. Mazoea ya kwamba maamuzi hushuka kutoka juu, na kwamba anayejua kwa mikono lazima asubiri anayejua kwa mhuri, hayakuguswa. Baiskeli kumi na nne za ukutani ni mlio wa cheni hiyo ikiruka.

Kinachofungwa leo

Wapo watakaosema baiskeli ni habari ya jana. Waangalie vitu walivyo navyo. Simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi, mashine ya hospitali isiyowaka bila nywila ya muuzaji, trekta inayogoma mpaka mtaalamu aje na kompyuta yake: vyote hivyo ni vitu vilivyoundwa visifunguliwe. Ulaya yenyewe imelishtukia, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwarahisishia watumiaji kupata matengenezo badala ya kulazimika kununua upya. Sisi tunaoagiza karibu kila kitu tuna sababu kubwa zaidi ya kudai hivyo. Cheni ya Renold inatukumbusha kwamba kufungika kwa vitu ni uamuzi wa watu, kwa kuwa kitu kilichoweza kufunguliwa na mkulima kwa msumari kilikwisha kuundwa mwaka 1880.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma nina ombi dogo. Mnapopokea baiskeli za mradi, ulizeni cheni za akiba, klipu na kifaa cha kusukumia pini kabla hamjapiga picha ya makabidhiano. Wekeni kifungu kidogo cha matengenezo ambacho mganga wa zahanati anaweza kukitumia bila kuandika barua, na mpeni fundi wa nje ya lango mkataba wa maandishi ili asiogope kuulizwa. Kwa wanaharakati: dai la haki ya kutengeneza liingie kwenye madai yenu ya haki ya afya, maana mhudumu asiyefika ni haki isiyofika. Kwa wanafunzi wangu: chukueni rula, mkahesabu nafasi 24 kwenye baiskeli iliyo karibu nanyi. Yatakayowajia akilini wakati mnahesabu yanatosha insha ya muhula mmoja.

Baba alifariki na kopo likaja kwangu. Liko juu ya kabati la vitabu ofisini. Wiki iliyopita nilimpigia simu mtunza ghala yule kumjulia hali. Aliniambia kibali kimetoka, lakini ni cha tairi.